Huru na Mwungwana: Wamarekani Weusi kati ya 1861 na 1965

Kiswahili kina maneno mawili ambayo wanafunzi wetu aghalabu huyatumia kana kwamba maana yake ni moja. La kwanza ni huru, la pili ni mwungwana. Katika jamii ya pwani ya karne ya 19 maneno hayo yalitenganishwa vikali. Huru alikuwa mtu aliyepata kuwa mtumwa, kisha bwana wake akamwacha. Mwungwana alikuwa mtu aliyezaliwa nje ya utumwa, mwenye ukoo na kauli, ambaye hakuna aliyeweza kumdai shukrani kwa kuwa hana bwana. Misafara ilipoingia bara, neno hili la pili lililegea. Wapagazi na askari wengi walijiita wangwana ingawa baadhi yao walikuwa bado mali ya watu, na lugha waliyoieneza Maniema hadi Kisangani ikaitwa Kingwana. Jina hilo, ambalo siku hizi wengine hulitaja kwa kubeza, kwanza lilikuwa dai la watu waliotaka kuhesabiwa miongoni mwa watu.

Tofauti hiyo yatufaa tunapoisoma historia ya nchi iliyo mbali na pwani hiyo, nayo ni historia ya Wamarekani Weusi. Vitabu vya shule huieleza kama mfululizo wa siku kuu: Januari 1863 Rais Lincoln atangaza uhuru, Desemba 1955 mama mmoja akataa kuondoka kitini, Agosti 1963 mchungaji ahutubia umati mjini Washington. Mwanafunzi anayesoma hivyo hudhani kwamba milango ilifunguliwa kutoka juu, na kwamba waliokuwa nje walikaa wakingoja. Makala hii yakusudia kuonyesha jambo jingine. Kila mlango uliofunguliwa ulikuwa umesukumwa muda mrefu na watu ambao majina yao hayakuandikwa kwa herufi kubwa. Na kila ulipofunguliwa, watu hao walipewa kuwa huru huku wakinyimwa kuwa waungwana. Mapambano ya miaka mia moja yalihusu pengo hilo.

Tuanze na mwaka 1861. Hesabu ya watu ya mwaka uliotangulia ilikuwa imeonyesha karibu watumwa milioni 4 katika majimbo ya Kusini. Vita vilipozuka mwezi wa Aprili, Lincoln hakuwa amekusudia kuwaacha huru. Katika hotuba yake ya kuapishwa, tarehe 4 Machi, alikuwa ametamka wazi kwamba hataugusa utumwa pale ulipo. Lakini usiku wa tarehe 23 Mei wanaume watatu, Frank Baker, James Townsend na Shepard Mallory, walivuka maji kwa mtumbwi na kujisalimisha katika ngome ya Fort Monroe, Virginia, iliyokuwa bado mikononi mwa serikali. Bwana wao alikuwa amewatumia kujenga boma la mizinga la waasi. Siku iliyofuata alituma mjumbe mwenye bendera nyeupe kuwadai, akitaja sheria ya kuwarejesha watumwa waliotoroka. Jenerali Benjamin Butler, ambaye alikuwa mwanasheria kabla ya kuwa mwanajeshi, alijibu kwamba Virginia imejitangaza kuwa nchi ya kigeni, na sheria za Marekani haziwezi kumfaa mgeni. Tena, kwa kuwa watu hao walitumika kujenga maboma ya adui, yeye anawazuia kama mali ya vita.

Angalia ubishi huo ulivyo wa ajabu. Watu watatu waliokolewa kwa kuitwa mali. Hawakuwa watumwa tena, wala hawakuwa huru. Sheria haikuwa na neno la kuwaitia. Hata hivyo habari ilienea usiku kwa usiku katika vibanda vya mashambani, na kabla ya mwezi kwisha mamia ya watu walikuwa wamefika langoni, wengine na watoto migongoni. Miaka minne baadaye waliokimbilia upande wa jeshi la serikali walihesabiwa kwa mamia ya maelfu. Serikali haikuwaita. Walijileta, na kwa kujileta wakailazimisha serikali kuamua wao ni nani. Tangazo la tarehe 1 Januari 1863, ambalo halikuyagusa majimbo manne ya watumwa yaliyobaki ndani ya Muungano, kwa sehemu kubwa lilikuwa jibu la swali walilolileta wao.

Tangazo hilo liliwafungulia pia njia ya jeshi. Wanaume weusi wapatao 180,000 waliandikishwa katika jeshi la nchi kavu na karibu 20,000 katika jeshi la majini. Karibu 40,000 walikufa, walio wengi kwa magonjwa. Lakini kisa kinachostahili kukaziwa ni cha mishahara yao. Askari mweupe alilipwa dola 13 kwa mwezi pamoja na mavazi. Askari mweusi alipewa dola 10, na katika hizo alikatwa 3 za mavazi. Kikosi cha 54 cha Massachusetts kilikataa kupokea fedha hizo. Jimbo la Massachusetts, kwa nia njema, likajitolea kuwaongezea pengo lililobaki. Wakakataa vilevile, kwani hawakuwa wakidai dola 6. Walipigana na kufa kwa muda wa zaidi ya mwaka mmoja bila mshahara, ilhali wake zao walikuwa wakihangaika nyumbani, hadi Bunge lilipopitisha sheria ya malipo sawa mwezi wa Juni 1864. Asiyeelewa neno uungwana na awaangalie watu hao.

Mwingine wa kuangaliwa ni Robert Smalls. Alizaliwa mtumwa mwaka 1839 katika mji wa Beaufort, South Carolina. Vita vilipoanza alikuwa mshika usukani wa Planter, meli ya moshi iliyolitumikia jeshi la waasi katika bandari ya Charleston. Usiku wa kuamkia tarehe 13 Mei 1862 maofisa weupe walikwenda kulala mjini, kinyume cha amri. Smalls na mabaharia wenzake, watumwa wote, waliwasha moto wa mitambo, wakawapakia wake na watoto wao waliokuwa wakingoja gatini, wakang'oa nanga. Yeye alivaa kofia ya nahodha na kusimama kama nahodha alivyozoea kusimama. Kila walipoipita ngome alipiga honi kwa ishara iliyotakiwa, kwani aliijua. Hata ngome ya Fort Sumter iliwaruhusu kupita. Walipokwisha kutoka nje ya shabaha ya mizinga waliteremsha bendera ya waasi na kupandisha shuka jeupe, wakaenda kuikabidhi meli kwa manowari za serikali.

Wasomaji wengi hukiishia kisa hicho hapo, nami naona kwamba yaliyofuata ndiyo yenye uzito zaidi. Smalls alipewa dola 1,500 kama fungu lake la nyara. Nyumba ya bwana wake wa zamani ilipopigwa mnada kwa sababu ya kodi, aliinunua. Akajifunza kusoma akiwa mtu mzima, akaingia katika Bunge la taifa mwaka 1875, akarudi humo mara kadhaa hadi 1887. Hakuwa peke yake: katika miaka iliyofuata vita, Weusi wapatao 2,000 walishika vyeo vya umma katika majimbo ya Kusini, kuanzia polisi wa vijiji hadi maseneta wawili wa taifa.

Marekebisho matatu ya Katiba ndiyo yaliyotoa msingi wa mambo hayo. La 13, la mwaka 1865, lilifuta utumwa. La 14, la 1868, liliwafanya raia. La 15, la 1870, lilikataza mtu kunyimwa kura kwa ajili ya rangi. Katika karatasi, mtu huru alikuwa amekuwa mwungwana kwa miaka mitano tu. Walichokifanya wenyewe katika miaka hiyo kwanza kilikuwa kutafutana. Magazeti ya Weusi yalijaa matangazo ya mama akimtafuta mwana aliyeuzwa miaka 20 nyuma, ya ndugu akiuliza habari za dada ambaye jina la bwana wake wa mwisho halijulikani. Matangazo ya namna hiyo yaliendelea hadi karne ilipokaribia kwisha. Pili kilikuwa shule. Katika majimbo mengi ya Kusini ilikuwa imekatazwa na sheria kumfundisha mtumwa kusoma. Mwaka 1870 asilimia 80 ya Weusi hawakujua kusoma na kuandika. Mwaka 1890 ilikuwa asilimia 57, mwaka 1910 asilimia 30. Watu maskini, wengi wao wakulima wa pamba wenye madeni, waliupunguza ujinga kwa kiasi hicho katika muda wa miaka 40. Tutaona baadaye jinsi elimu hiyo ilivyogeuzwa kuwa mtego.

Kilichokosekana kilikuwa ardhi. Mwezi wa Januari 1865 Jenerali Sherman alitoa amri ya kuwagawia familia zilizotoka utumwani mashamba ya eka 40, yaani hekta 16 hivi, katika ukanda wa pwani ya South Carolina, Georgia na Florida. Kabla ya mwaka kwisha Rais Andrew Johnson aliwarudishia mabwana wa zamani mashamba hayo, na waliokuwa wamekwisha kupanda wakaondolewa. Hapo, kwa maoni yangu, ndipo uungwana ulipovunjwa mguu, kabla hata haujaanza kutembea. Mtu asiye na shamba alirudi kulima la bwana kwa mkataba wa kugawana mavuno. Mbegu, jembe na unga alivikopa katika duka la bwana yuleyule, na hesabu ya mwisho wa mwaka iliandikwa na bwana yuleyule. Rekebisho la 13 lenyewe lilikuwa na tundu: lilikataza kazi ya shuruti isipokuwa kwa mtu aliyehukumiwa kwa kosa. Majimbo yakatunga makosa mapya, kama vile kuzurura bila kazi, kisha yakawakodisha wafungwa kwa wenye migodi na mashamba. Majeshi ya serikali yalipoacha kuzilinda serikali za mwisho za marekebisho huko Kusini mwaka 1877, hakukuwa tena na wa kuwazuia waliopanda farasi usiku wakichoma nyumba za wapiga kura. Mwaka 1895 South Carolina iliandika katiba mpya kwa shabaha ya kuwaondoa Weusi katika orodha ya kura. Katika mkutano ulioiandika walikuwamo wajumbe sita Weusi, Smalls mmoja wao. Alisimama akatetea, akashindwa. Mwaka uliofuata Mahakama Kuu ya Marekani ikaamua, katika kesi ya Plessy, kwamba kuwatenga watu kwa rangi kwaruhusiwa mradi huduma ziwe sawa. Kutenga kulitekelezwa, usawa haukutekelezwa.

Hapa historia hiyo inaigusa nchi yetu, na ingekuwa aibu kwa jarida la Kongo kulipita jambo hilo kimya. George Washington Williams alizaliwa Pennsylvania mwaka 1849, akaingia katika jeshi la Muungano akiwa na umri wa miaka 14, akawa mchungaji, mwanasheria, mbunge katika baraza la Ohio, kisha mwandishi wa kitabu kikubwa cha kwanza cha historia ya Wamarekani Weusi, kilichotoka katika miaka ya 1880. Alipoona milango ikifungwa kwao alianza kuifikiria Kongo, ambayo Leopold II alikuwa akiisifu Ulaya nzima kama nchi ya uhuru. Alikuja mwaka 1890 kujionea, akaupanda mto hadi Stanley Falls, yaani Kisangani ya leo. Ndipo mahali ambapo Hamed bin Muhammed, Tippu Tip, ambaye tawasifu yake yajulikana na kila mwanafunzi wa Kiswahili, alikuwa amewekwa na Leopold kuwa liwali tangu 1887. Na ndipo Williams alipotia tarehe barua yake ya wazi kwa mfalme, 18 Julai 1890. Alieleza humo jinsi ardhi ilivyonyang'anywa kwa mikataba ya hila, jinsi vijiji vilivyoporwa na askari wasiopewa posho, jinsi dola iliyojidai kupiga vita utumwa ilivyonunua watu yenyewe. Hakuna mgeni aliyekuwa ameushtaki utawala huo hadharani kwa ukamilifu wa namna hiyo.

Aliyaonaje yale ambayo wasafiri wengi waliyapita? Jibu langu ni kwamba jicho lake lilikuwa limefundishwa kwao. Mtu aliyeshuhudia neno uhuru likitumiwa kufunika kazi ya shuruti huko Mississippi na Georgia hakuhitaji muda mrefu kulitambua huku. Magazeti ya Ubelgiji yalimshambulia tabia yake badala ya kujibu mashtaka yake, naye akafariki Uingereza mwezi wa Agosti 1891, akiwa na umri wa miaka 41. Katika mwaka uleule wa 1890 alifika Kongo William Sheppard, mmisionari Mweusi aliyesoma Hampton, chuo kilichoanzishwa kwa ajili ya watu waliotoka utumwani, karibu kabisa na ngome ile ya Fort Monroe. Yeye aliishi Kasai, akaandika juu ya mikono iliyokatwa, na mwaka 1909 akashtakiwa Léopoldville na kampuni ya mpira, mahakama ikamwachilia.

Turejee Marekani. Nusu karne baada ya hukumu ya 1896 naipita haraka: mamilioni walihama Kusini kwenda viwandani Chicago na Detroit, na mawakili wao wakaichimba hukumu hiyo polepole hadi Mahakama Kuu ilipoibomoa upande wa shule, mwezi wa Mei 1954. Kinachohitaji nafasi ni Montgomery, Alabama, kwa sababu hapo ngano imeifunika historia. Husemwa kwamba tarehe 1 Desemba 1955 mshonaji aliyechoka, Rosa Parks, alikataa kumpisha mzungu ndani ya basi, na mji ukawaka. Ukweli ni kwamba Parks alikuwa kwa miaka mingi katibu wa tawi la NAACP mjini humo. Miezi tisa kabla yake, tarehe 2 Machi, msichana wa shule wa miaka 15, Claudette Colvin, alikuwa amekamatwa kwa kosa hilohilo. Na tangu Mei 1954 Jo Ann Robinson, mwalimu wa Kiingereza katika chuo cha Alabama State, alikuwa amemwandikia meya kwa niaba ya chama cha wanawake, akimwonya kwamba mgomo wa mabasi unafikiriwa.

Usiku Parks alipokamatwa, Robinson alikwenda chuoni pamoja na mwalimu mwenzake na wanafunzi wawili, wakafungua chumba cha mashine ya kurudufu, wakapiga stensili na kutoa makumi ya maelfu ya vikaratasi hadi alfajiri. Kisha akaenda kufundisha kipindi chake cha saa mbili asubuhi. Wasomaji wa jarida hili wanaijua mashine hiyo na harufu ya wino wake. Wanajua pia maana ya kuitumia mashine ya chuo cha serikali dhidi ya matakwa ya serikali. Jumatatu, tarehe 5, mabasi yalipita karibu matupu.

Madai ya kwanza yalikuwa madogo mno. Hawakudai kufutwa kwa utengano ndani ya mabasi. Walidai madereva wawe na adabu, abiria wakae kwa kadiri wanavyoingia, Weusi wakianzia nyuma na weupe mbele, na madereva Weusi waajiriwe katika njia za mitaa yao. Kiswahili cha leo huita adabu hiyo uungwana, na sidhani kama lugha imekosea. Mji ulikataa hata hayo, na kwa kukataa ukawafundisha kudai zaidi. Teksi zilizowachukua watu kwa senti 10 zilikatazwa kutoza chini ya senti 45. Wakapanga magari yao wenyewe, kama 300, yenye vituo na ratiba. Nyumba ya mwenyekiti wao, mchungaji Martin Luther King, mwenye umri wa miaka 27, ilitupiwa bomu tarehe 30 Januari 1956. Mpishi mmoja, Georgia Gilmore, alipofukuzwa kazini kwa kutoa ushahidi mahakamani aligeuza jiko lake kuwa hoteli, na pamoja na wanawake wengine akauza keki na kuku ili magari yapate petroli. Kilichoshinda mahakamani hakikuwa kesi ya Parks, bali ile ya wanawake wanne waliofungua shauri mwezi wa Februari, Colvin akiwa mmoja wao. Mahakama Kuu iliwapa haki tarehe 13 Novemba, siku ileile ambayo jaji wa Alabama alipiga marufuku magari yao. Hivyo wiki tano za mwisho walikwenda kwa miguu, hadi amri ilipowasili tarehe 20 Desemba 1956, siku ya 381.

Basi lilikuwa limepatikana, kura bado. Na hapa ndipo mtego wa elimu. Majimbo ya Kusini yaliweka mtihani wa kusoma na kufasiri katiba kwa kila aliyetaka kujiandikisha, na mtahini alikuwa karani mweupe asiye na wa kumsahihisha. Katika mji wa Tuskegee, Alabama, wenye chuo mashuhuri cha Weusi, walimu wa chuo walishindishwa mtihani na makarani ambao baadhi yao hawakuwa na elimu kama yao. Hata hivyo, wapatao 400 walikuwa wamefaulu kuandikwa ilipofika 1957. Basi Bunge la Alabama likauchora upya mpaka wa mji: uliokuwa mraba ukawa umbo la pande 28, na wapiga kura Weusi karibu wote, isipokuwa wanne au watano, wakajikuta wanaishi nje ya mji bila kuhama nyumba. Charles Gomillion, profesa wa sosholojia chuoni hapo, aliwaongoza katika kususia maduka ya wazungu na katika kesi iliyochukua jina lake. Walishinda mwaka 1960, na mipaka ya zamani ikarejeshwa.

Sheria ya haki ya kura ilitiwa sahihi tarehe 6 Agosti 1965, miezi mitano baada ya waandamanaji kupigwa na askari darajani Selma. Ilisimamisha mitihani hiyo na kuyalazimisha majimbo yenye historia ya ubaguzi kuomba kibali cha serikali ya taifa kabla ya kubadili kanuni zozote za uchaguzi. Huko Mississippi Weusi walioandikwa walikuwa chini ya asilimia 7. Mwaka 1967 walikuwa karibu asilimia 60. Kibali hicho kilidumu miaka 48. Mwezi wa Juni 2013, katika kesi ya kaunti ya Shelby, Alabama, majaji watano kati ya tisa wa Mahakama Kuu walikibatilisha kipengele kilichotaja ni majimbo gani yatakiwayo kuomba ruhusa, kwa hoja kwamba nchi imebadilika. Siku hiyohiyo jimbo la Texas lilitangaza kwamba sheria yake ya vitambulisho vya wapiga kura, iliyokuwa imezuiliwa mwaka 2012, itaanza kutumika.